Jioni Moja Katika Baa ya Matawi, Katikati ya Jiji la Tanga

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikipita mbele ya baa moja, tawi la kampuni yenye baa katika miji kadhaa, iliyoko katikati ya jiji la Tanga, upande wa reli unaoelekea bandarini, bila kuingia. Sikuwa na sababu ya maana. Nilikwisha kunywa katika matawi mengine mawili ya kampuni hiyo hiyo, moja Dar es Salaam na jingine Moshi, nikajiaminisha kwamba hili la tatu ningeweza kulieleza nikiwa kitandani kwangu. Ijumaa iliyopita shemeji yangu alikuja kutoka Muheza kwa shughuli zake za benki, mvua ikatukuta barabarani, na mlango uliokuwa karibu kuliko yote ukawa huo. Tuliingia saa kumi na moja kasorobo jioni na tukatoka saa tatu na nusu usiku. Jina la kampuni nitaliacha, kwa sababu ninachokieleza ni jioni moja tu, na jioni moja haitoshi kumhukumu mtu kwa jina.

Nianze na yanayostahili sifa, maana si machache. Bei zimeandikwa ukutani, juu ya kaunta, kwa herufi ambazo hata mimi ninayehitaji miwani nilizisoma nikiwa nimekaa: bia za Safari na Kilimanjaro shilingi 2,500, soda shilingi 1,000, mshikaki mmoja shilingi 1,000. Aliyezoea baa zetu za mtaani anajua thamani ya maandishi hayo. Huko bei hukaa kichwani mwa mhudumu, na huweza kupanda kadiri usiku unavyokwenda, au kadiri lafudhi ya mteja inavyoonyesha kwamba si wa hapa. Hapa bei ya saa kumi jioni ndiyo bei ya saa nne usiku, na ukilipa unapewa risiti ya mashine ya EFD, yenye kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikionekana wazi, bila wewe kuiomba na bila kuambiwa kwamba mashine imeharibika tangu jana.

Bia nayo ilihudumiwa kama inavyotakiwa. Binti aliyetujia alitupa shikamoo zetu, akamwandikia shemeji Stoney Tangawizi, kwa kuwa yeye pombe hatumii, kisha akanigeukia mimi niliyeagiza Safari na kuniuliza swali ambalo wageni wengi kutoka nje huliona la ajabu: ya baridi au ya moto? Ya moto ni ile ambayo haikupita kwenye friji, na wapo wazee wa mji huu wanaoapa kwamba ndiyo yenye ladha na isiyobana kifua. Nilitaka ya baridi. Chupa ya nusu lita ilifika ikitiririka jasho, akaiinamisha kidogo ili niione lebo na kizibo, akaifungua palepale mezani, na kizibo akakiacha kando ya glasi yangu. Kwangu mimi kitendo hicho kidogo ndicho kipimo cha baa. Chupa iliyofunguliwa kaunta siwezi kujua imepitia mikono ya nani, na kizibo kinachobaki mezani ni hesabu ambayo mteja na mhudumu wanaweza kuisoma pamoja. Nitakirudia kizibo hicho baadaye.

Lipo jambo jingine zuri ambalo mteja asiyeuliza hataliona. Katika baa nyingi mhudumu huchukua kinywaji kaunta kwa fedha yake mwenyewe au kwa jina lake, halafu yeye ndiye anayemdai mteja, kiasi kwamba mteja akitoroka kwa mlango wa nyuma, hasara yote inamwangukia dada wa watu. Katika tawi hili oda huingizwa kwenye simu ya kampuni, kaunta wanaiona, jikoni wanaiona, na deni linakuwa la meza. Binti yule alituambia kwamba analipwa mshahara wa mwezi na kwamba zamu zake anazijua wiki nzima kabla. Hakukaa kwenye meza yetu akisubiri kununuliwa kinywaji, na hakuna aliyeonekana kumtarajia afanye hivyo. Kwa hilo pekee ningekuwa tayari kuilipa kampuni hii shilingi 500 zaidi ya bei ya mtaani.

Tatizo huanza macho yanapotembea ukutani. Viti vyekundu, runinga sita, taa za rangi ya asali, na picha mbili kubwa: Mlima Kilimanjaro wenye theluji, na twiga wawili chini ya mgunga. Picha hizo hizo nilizikuta Moshi, ambako mlima ulikuwa na haki ya kuwapo, kwa kuwa ukitoka nje unauona wenyewe. Tanga iko usawa wa bahari. Huu ni mji wa mkonge, mji ambako reli ya Usambara ilianza kujengwa mwaka 1893, mji ambao Novemba 1914 jeshi la Waingereza lilishuka kwenye meli kwa mbwembwe kuwapiga Wajerumani na kurudi melini kwa mbio, huku nyuki wakiwa na mchango wao katika mbio hizo. Lakini katika baa nzima hakuna hata jani moja la mkonge lililochorwa. Uingereza, ambako baa za matawi zina umri mrefu kuliko zetu, kampuni ya J D Wetherspoon, iliyoanzishwa mwaka 1979, inamiliki mamia ya baa, nyingi zikiwa ndani ya majengo yaliyokuwa sinema, benki au posta, na inajulikana kwa kuipa kila baa zulia la nakshi zake yenyewe na kutundika ukutani habari za mji ilipo. Sidai zulia, kwa joto na mchanga wetu litageuka balaa. Nadai picha moja ya bandari.

Chakula kilitufundisha somo hilo hilo kwa njia ya tumbo. Mishkaki ilikuwa mizuri kweli: nyama laini, imekolea ndimu na tangawizi, imeungua kwenye kingo tu, ikaletwa na kachumbari iliyokatwa muda huo na pilipili ya kusaga iliyomfanya shemeji akae kimya kwa dakika nzima. Tulikula sita na tungeweza kula kumi na mbili. Kuku na chipsi wa shilingi 9,000 alikuwa kisa kingine. Nje alikuwa na rangi nzuri ya dhahabu, lakini karibu na mfupa nyama ilikuwa na ubaridi na majimaji ya kuku aliyetoka kwenye friji kubwa na kutiwa mafutani kabla barafu haijamwacha. Tuliwarudishia, wakamkaanga upya bila ubishi, akarudi salama ila mkavu.

Kabla ya kuku huyo tulikuwa tumeulizia samaki. Shemeji, ambaye kila akija Tanga huja na hamu ya changu wa kukaanga, alimuuliza binti kama wanaye. Akajibu kwa upole, "Samaki hayupo kwenye menyu, baba." Hakusema ameisha, wala leo hakuvuliwa, hayupo kwenye menyu. Soko la samaki la Deep Sea liko mwendo mfupi tu wa bajaji kutoka kwenye meza tuliyokaa, na asubuhi ile ile ngalawa zilishusha changu, vibua na pweza hapo. Madafu nayo hayapo kwenye menyu, ingawa kupitia dirishani nilimwona kijana amesimamisha baiskeli yenye mikungu miwili ya madafu, akijikinga mvua chini ya paa la baa yenyewe. Katika mji ambao watu wengi hawagusi pombe, na ambao hata wanywaji wengi huja na ndugu asiyekunywa, baa isiyo na kinywaji cha mji ila soda imemtupa mteja mmoja kati ya kila wawili wanaoingia pamoja.

Saa moja usiku Coastal Union, timu ya soka ya mji huu iitwayo Wagosi wa Kaya, walikuwa na mechi ugenini. Runinga sita zote zilikuwa zikionyesha marudio ya mechi ya Ulaya iliyochezwa katikati ya wiki, na matokeo yake kila aliyekuwamo aliyajua. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya kitambaa, aliyekuwa amekaa peke yake karibu na mlango, alimwita binti: "Mwanangu, hebu tuwekee Wagosi wa Kaya." Binti akaenda kaunta, akarudi na meneja, kijana nadhifu, ambaye alieleza kwa heshima zote kwamba ratiba ya runinga hupangwa makao makuu na matawi yote huonyesha kitu kimoja. Mzee alimtazama kwa muda. "Hata moja katika sita?" Meneja akaomba radhi. Mzee akamaliza Kilimanjaro yake bila haraka, akalipa, akakunja suruali kwa ajili ya madimbwi, akapanda baiskeli yake kuelekea Ngamiani, ng'ambo ya reli, ambako bila shaka kila baa ya uchochoroni ilikuwa ikiwaonyesha Wagosi. Meza yake ilibaki tupu mpaka tulipoondoka.

Sasa nirudi kwenye vizibo. Saa mbili na robo tuliomba bili. Ililetwa ikisema shilingi 30,500, nikaisoma mara mbili, kwa kuwa ilinihesabia Safari tano. Mezani palikuwa na chupa nne na vizibo vinne vya Safari, pamoja na vizibo vitatu vya tangawizi vya shemeji. Binti alivihesabu pamoja nami kwa kidole, akacheka, akakiri palepale kwamba chupa ya tano ilikuwa ya meza ya jirani na kwamba kidole chake ndicho kilichoteleza kwenye simu. Bili sahihi ilikuwa shilingi 28,000. Katika baa ya mtaani mambo yangeishia hapo: mwenye baa angekata mstari kwa kalamu, angetupa pole, na pengine angeniongezea tangawizi ya njiani. Hapa meneja alikuja, akahesabu vizibo, akakubali kabisa kwamba tunasema kweli, kisha akatuambia kwamba mfumo haumruhusu kufuta kinywaji kilichokwisha kuingizwa mpaka mtu wa makao makuu aidhinishe. Simu ikapigwa Dar es Salaam. Haikupokelewa. Ikapigwa tena.

Tulikaa tukisubiri kwa zaidi ya saa nzima kwa ajili ya shilingi 2,500. Nilitaka kuilipa tuondoke, shemeji akakataa katakata. Yeye ni fundi wa mizani na hana mzaha na hesabu. Katikati ya kusubiri huko alimuuliza meneja swali ambalo mimi nilikuwa nikilitafuta tangu kuingia na sikuwa nimelipatia maneno: "Samahani mwanangu, hivi mwenye baa hii ni nani?" Kijana akajibu, "Ni kampuni, mzee." Shemeji akasema anajua ni kampuni, anauliza nani mwenye baa. Meneja akatabasamu na kutazama simu yake. Simu ile ilipoita hatimaye, kazi yenyewe ilichukua chini ya dakika moja, risiti mpya ikatoka, na binti hakukatwa chochote, jambo ambalo nililiuliza mara mbili ili niwe na uhakika. Gari la mwisho la Muheza lilikuwa limekwisha kuondoka. Shemeji alilala kwangu.

Vyoo ni visafi, vina maji na sabuni. Muziki ni wa wastani na mnaweza kuzungumza bila kupiga kelele. Kwa wageni ambao sasa wanazidi kuonekana mjini kwa sababu ya bandari na bomba la mafuta linaloishia Chongoleani, kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, hapa ni mahali salama pa kuanzia: hawataibiwa, hawatababaishwa bei, na watapewa risiti ya kupeleka kwa wahasibu wao. Mwenyeji naye aende mapema, kabla ya saa mbili, akae kibarazani ambako upepo wa bahari unafika na runinga hazifiki, aagize mishkaki na kumwacha kuku alipo, asiruhusu vizibo viondolewe mezani, na aombe bili saa moja kabla ya kutaka kuondoka. Anayetaka changu na mechi ya Coastal avuke reli.