Field ya meno (mafunzo kwa vitendo hospitalini kwa mwanafunzi wa udaktari wa meno), Bugando au Nansio?

Bugando pale Mwanza ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa nzima, utaona taya zilizovunjika kwa ajali za bodaboda, mauvimbe, kesi kubwa kubwa, ila mwanafunzi mara nyingi unaishia kushika saksheni (kimrija cha kunyonya mate na damu) mabingwa wakifanya. Nansio, hospitali ya wilaya kule kisiwani Ukerewe, ni tofauti, mgonjwa anakuja jino limeshaoza hajalala kwa maumivu na sindano anaiogopa, sasa wewe ndo unakaa naye, daktari wa zamu yuko pembeni, unamwambia mama nakuchoma ganzi, tusubiri kidogo mdomo uwe mzito, ukisikia maumivu nyoosha mkono naacha. Na akinyoosha uache kweli jamani! Kwa anayeanza mi nasema apande meli kwanza, Bugando aje mikono ikishazoea.