Malcolm Marshall na Dale Steyn: takwimu zinasemaje?

Malcolm Marshall, mrushaji wa kasi wa kriketi wa West Indies, alicheza mechi 81 za Test (mechi za kimataifa za hadi siku tano) kati ya 1978 na 1991, akatwaa wiketi 376, yaani aliwatoa wapigaji 376, kwa wastani wa mikimbio (pointi za wapigaji) 20.94 kwa kila wiketi. Dale Steyn, mrushaji wa kasi wa Afrika Kusini aliyeanza 2004 na kumaliza 2019, alitwaa wiketi 439 katika mechi 93 kwa wastani wa 22.95. Kwa kipimo hicho, ambacho kikiwa kidogo ndiyo bora, Marshall anaongoza. Lakini Steyn alihitaji takriban mipira 42 tu kupata wiketi moja, ilhali mwenzake alihitaji karibu 47.

Tofauti hiyo imebeba alama ya enzi. Wapigaji wa zama za Steyn walikuwa na pupa zaidi, ndiyo maana alitoa zaidi ya mikimbio 3.2 kwa kila ova (mipira sita) huku Marshall akitoa chini ya 2.7, na mpigaji mwenye pupa hutoka mapema. Isitoshe, Marshall aligawana wiketi na warushaji wenzake wa West Indies, akina Holding na Garner, jambo ambalo wastani hauonyeshi.

Ugenini, kila mmoja ana ushahidi wake: Steyn alitwaa wiketi 7 kwa mikimbio 51 kule Nagpur, India, mwaka 2010, katika ardhi isiyowapenda warushaji wa kasi, naye Marshall alitwaa 7 kwa 53 kule Leeds, Uingereza, mwaka 1984, kidole gumba cha kushoto kikiwa kimevunjika. Ningemchagua Marshall, ingawa kwa mpira mkuukuu uwanja ukiwa mkavu ningesita.