Siku moja Kolo na Kondoa: kiongozi alitufaa, gari halikutufaa

Tuliondoka Dodoma saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu saba ndani ya Noah ya kukodi: dereva, mimi, mke wangu, watoto wetu watatu, na mama mkwe, ambaye amezaliwa Kondoa lakini hajawahi, kwa maneno yake mwenyewe, kupanda mlima ili akatazame mawe. Barabara ya lami inayopitia Mayamaya na Haneti kuelekea Babati ni nzuri, na mwendo ambao zamani ulimaliza kutwa nzima ya vumbi sasa hauzidi saa tatu. Bei ya gari tuliyokubaliana ilijumuisha mafuta na dereva, wala sikuona kuwa ni kubwa. Lalamiko langu ni kwamba nilimweleza mwenye gari waziwazi kuwa tunakwenda kwenye michoro ya kale ya miambani ya Kolo, naye akanihakikishia kuwa Noah inafika bila shida.

Anayekwenda na watoto namshauri aanze na Kolo na kuuacha mji wa Kondoa kwa mchana, kwa sababu kupanda mlima jua likiwa utosini ni adhabu. Kijiji cha Kolo kiko kando ya barabara kuu, kama kilomita 25 kaskazini mwa Kondoa, na hapo ndipo ilipo ofisi ya Mambo ya Kale, ambako mtu hulipa ada na kupewa kiongozi. Kutoka hapo hadi chini ya mlima wa Mongomi ni njia ya udongo isiyofika kilomita kumi, yenye korongo la mchanga, na katika korongo hilo gari letu lilizama hadi tumbo likagusa chini. Vijana waliokuwa wakichunga mbuzi walitusukuma kwa karibu saa nzima, dereva akikata matawi na kuyatandika chini ya matairi, huku mama mkwe akiwaelekeza wote kwa Kirangi.

Kiongozi tuliyepewa alitusahaulisha hasira. Hakutukimbiza. Tulipofika chini ya jiwe la kwanza aliwasimamisha watoto hatua chache nyuma, akawaambia wanyamaze mpaka macho yazoee kivuli, na kweli, mwamba uliokuwa mtupu ukaanza kutoa watu: wekundu, wembamba, warefu kupita kiasi, wenye vichwa vikubwa kama vilivyofungwa vilemba. Kando yao wakajitokeza twiga, tembo na pofu. Alieleza kuwa rangi nyekundu hutokana na udongo wenye chuma, na kwamba michoro meupe, ambayo ni mizito na haina ustadi ule, ilikuja baadaye na inahusishwa na wakulima. Eneo hili lina mapango na vibanda vya mawe zaidi ya 150 vyenye michoro, nalo limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006.

Tulikaa muda mrefu zaidi kwenye mchoro wa watu watano, ambamo mmoja wa katikati ameshikwa na wenzake kutoka pande zote mbili. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyenakili michoro ya huku mwaka 1951, aliona mwanamke anayetekwa. Wengine huona ngoma ya uganga. Mama mkwe aliutazama kwa makini, akasema huyo ni bibi harusi na hao ni mashangazi. Kiongozi alicheka, lakini hakumkosoa. Alisema tu kwamba wenyeji bado hufika mlimani hapo kwa matambiko, hivyo tusiguse chochote na tupunguze sauti.

Kutoka juu huko huonekana makorongo mekundu ya milima ya Irangi, na hapo mama mkwe ndiye aliyegeuka kiongozi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wengi huuita HADO, ulianza mwaka 1973 kupambana na mmomonyoko huo, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika. Ng'ombe wa baba yake walikuwa miongoni mwao. Alituonyesha kwa kidole upande walikokuwa wakilisha, ambako sasa ni kijani, akasema miti imerudi kweli, ila baba yake hakuwahi kuisifu.

Mjini Kondoa tulipita haraka kuliko tulivyokusudia. Nilitaka watoto wajue kuwa mji huu mtulivu ulipiganiwa vikali na Wajerumani na majeshi ya Afrika Kusini mwezi Mei 1916, lakini njaa ilikuwa imewashinda. Katika mgahawa mmoja tulisubiri kuku wa kienyeji kwa zaidi ya saa moja. Alikuwa mgumu, ila mlenda na ugali wa uwele vilistahili kusubiriwa. Tulinunua pia asali, na muuzaji alituonjesha kutoka madumu matatu kabla hajatujazia chupa.

Tulirudi Dodoma saa mbili usiku. Dereva aliomba nyongeza ya saa alizozidisha. Nilimlipa, nikatoa ile moja ya korongoni, naye hakubisha. Ni dereva mwangalifu na ningemkodi tena, mradi aje na gari lenye miguu mirefu.