Uzoefu wangu na darasa la kupanga maua Moshi: masale yetu yaliishia kwenye pipa la taka

Nina hasira hii tangu kabla ya mvua za masika na haijapoa, ndiyo maana naandika. Nililipa ada ya darasa la kupanga maua hapa Moshi mjini, nikamaliza hatua ya kwanza, na nimejifunza mambo yanayonisaidia kila wiki. Lakini mtu akiniuliza kama aende, mdomo unakuwa mzito. Kuna siku moja mle darasani ambayo imefunika mengine yote: siku masale yetu, yale majani marefu ya kijani ambayo sisi Wachagga tunayaheshimu, yalipotupwa.

Nianze na haki yao, nisije nikaonekana nimekuja kutukana tu.

Mimi napamba altare parokiani kwetu. Darasa hili ndilo lililonifundisha kulitunza ua kabla ya kulipamba. Waridi zinazotoka mashamba ya Usa River na Tengeru zinatufikia zikiwa zimekaa kwenye boksi bila maji. Tulifundishwa kukata ncha ya shina kwa mshazari, shina likiwa ndani ya maji, ili hewa isiingie kwenye mirija inayopandisha maji. Tulifundishwa kutoa kila jani litakalozama, maana likioza linazaa bakteria wanaoziba shina, na ua linakufa kwa kiu huku limesimama kwenye maji. Ndoo ya maua inasuguliwa kwa sabuni kama chombo cha kulia. Ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua unailaza juu ya maji na kuiacha izame yenyewe. Ukiikandamiza kwa mkono, nje inalowa na katikati inabaki kavu, halafu waridi uliyoichomeka katikati inanyauka na huelewi kwa nini. Waridi ambazo zamani ziliinamisha shingo kabla ya misa ya pili, sasa zinapita Jumapili na kuingia katikati ya wiki. Hilo nawashukuru kabisa.

Aliyetufundisha hayo yote ni mwalimu msaidizi, kijana mtaratibu aliyewahi kufanya kazi kwenye shamba la maua. Ukiuliza swali anaacha anachofanya, anakuja mezani kwako, anakuonyesha kwa mikono yake. Mungu ambariki.

Mwalimu mwenyewe, mwenye darasa, ni habari nyingine.

Anajua, sikatai. Kipindi alichotufundisha upangaji wa maua wa Kijapani, ikebana, nilikipenda mno. Alituwekea picha ukutani kwa projekta, akaeleza kwamba sanaa ile ilikua kutoka kwenye maua ya kutolewa mbele ya Buddha, na kwamba shule kongwe kuliko zote, Ikenobo, ina kitovu chake kwenye hekalu la Rokkakudo mjini Kyoto, ambako habari za padri mmoja wa Kibuddha aliyekuwa akisifika kwa kupanga maua ziliandikwa tangu mwaka 1462. Alituonyesha kenzan, kile kitako kizito cha metali chenye misumari mingi kinachoshika shina lisimame bila sponji. Akaeleza matawi makuu matatu, moja la mbingu, moja la mtu, moja la ardhi. Akasisitiza kwamba Mjapani hahitaji ndoo nzima ya waridi, kwamba jani moja likiwekwa kwa heshima linatosha, na kwamba nafasi tupu kati ya tawi na tawi nayo ni sehemu ya pambo. Nilitoka siku ile nimejaa. Akatuagiza kipindi kijacho kila mtu aje na majani ya kijani kutoka nyumbani kwake. Maneno yake kabisa: kutoka nyumbani kwako.

Mimi kwetu ni Kibosho, mlimani. Nilipanda juu, nikakata masale ya uani. Ya mpakani sikuyagusa, kwetu hayaguswi hivi hivi. Nilichagua marefu yaliyonyooka, nikayaosha mfongoni, kwenye mfereji wetu wa maji, nikashuka nayo kwenye daladala nimeyapakata kama mtoto. Kufika darasani nikakuta mama mmoja mtu mzima wa Marangu naye kaja na masale, kayafunga vizuri ndani ya jani la mgomba yasikauke njiani. Tukaangaliana tukacheka kwa furaha. Hatukuwa tumepanga.

Mwalimu alipita meza kwa meza. Alipofika kwetu akasimama.

"Haya ndiyo nini?"

"Ni masale, mwalimu," nikamjibu.

"Nani amewaambia mlete majani ya matambiko? Hapa tunapamba harusi za ukumbini, hatupambi makaburi ya kijijini."

Akayachukua yangu, akachukua na ya yule mama, akayatupa kwenye pipa lenye vipande vya sponji na mashina yaliyooza. Yule mama akasema kwa sauti ya chini sana, "Mwanangu, hayo hayatupwi." Akajibiwa, "Mama, kama unautaka ushamba, ulikuwa na haja gani ya kulipa ada?"

Wapo waliocheka. Mama wa watu, mwenye umri wa kumzaa, anaambiwa hivyo mbele ya mabinti. Aliinuka, akaenda kwenye pipa, akatoa jani moja moja, ya kwake na ya kwangu, akayafuta kwa ncha ya kanga, akayarudisha kwenye jani la mgomba. Akakaa. Mpaka kipindi kinaisha hakugusa ua.

Na sisi tulipewa nini badala yake? Majani ya plastiki. Yale ya dukani, yana vumbi, yanauzwa kwa fungu. Kwenye darasa la maua, chini ya Mlima Kilimanjaro, ambako ukidondosha fimbo inachipua!

Kwa msiojua, masale si majani ya kufungia mzigo. Mchagga aliyekukosea akija na sale mkononi kuomba msamaha, kumkataa ni jambo zito, hata kama kosa ni la damu. Masale ndiyo yanayoonyesha kihamba cha fulani, yaani shamba la ukoo lenye nyumba yake, kinaishia wapi, na ndiyo yanayopandwa walipolala wazee wetu. Sasa niambieni, kama jani la Kyoto lililoanzia mbele ya sanamu ya Buddha ni sanaa ya kuonyeshwa kwa projekta, jani la Marangu lililowapatanisha watu linakuwaje ushamba? Mimi ni Mkatoliki, situmi mtu kwenye tambiko. Ninachodai ni ile heshima kwa jani moja aliyotuhubiria mwenyewe kipindi kilichotangulia.

Na tuache mila, tuongee kazi tu. Masale ni aina ya dracaena, jamii ile ile ambayo Wazungu wanainunua kwa bei na kuiweka sebuleni. Shina lake ukilikata na kuliweka kwenye maji halinyauki kwa joto la Moshi, linakaa wiki nyingi, mara nyingine linatoa mizizi humo humo. Jani lake ni refu, linapinda vizuri ukilivuta taratibu kwa vidole, linashika mstari. Mpambaji anayeishi hapa na kununua plastiki ananunua asichohitaji. Yule mwalimu msaidizi alijua. Tulipotoka alitufuata nje akatuambia, "Poleni mama, pole dada," na sura yake ilikuwa ya mtu aliyeona aibu kwa niaba ya mwingine.

Nilikwenda ofisini kulalamika. Sikwenda na kelele. Nikaambiwa mwalimu wetu ni mkali kwa sababu anataka ubora, na kwamba wangenipunguzia ada ya hatua ya pili. Sikuwa nimekwenda kuomba punguzo. Hakuna aliyeuliza habari za yule mama, hata jina lake hawakuuliza. Hapo ndipo hasira ilipohamia kutoka kwa mtu mmoja ikaingia kwenye nyumba nzima.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na nia ya kuwapa nyota tatu, kwa ajili ya waridi zinazodumu na kwa ajili ya yule kijana. Nilitaka kusema nendeni, ombeni vipindi vyake, mkwepeni mwenye darasa. Na kweli, kama mtu ana shida ya haraka, ana harusi ya dada yake mwezi ujao na hajui kushika mkasi, kwa vipindi vile vya mwanzo hatajuta.

Lakini nimeyaandika yale maneno aliyoambiwa mama wa Marangu na nimeshindwa kuendelea na nyota tatu. Natoa moja, na hiyo ni ya mwalimu msaidizi peke yake. Msiende. Kutunza ua, kukata shina, kulowesha sponji, hayo mtafundishwa na mtu mwingine asiyewatupia vya kwenu jalalani. Mimi na yule mama sasa tunapamba pamoja, misa za ubatizo na komunio, na masale yanasimama mbele kabisa, na hakuna padri wala muumini aliyetuuliza tunapamba makaburi.

Kama wahusika wanasoma hapa: wa kwanza kuombwa radhi ni yule mama, na aombwe mbele ya wale wale waliosikia na kucheka. Mimi nitasubiri zamu yangu.