Shades of Blue ya Madlib: mwezi mzima masikioni mwangu

Karibu kila usiku nikishafunga duka naisikiliza albamu hii, ambamo prodyuza Madlib anazitengeneza upya nyimbo za zamani za jazi, na kila mara naanzia wimbo wa Montara. Wimbo wa asili ni wa Bobby Hutcherson, mpigaji wa vibrafoni, ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa, wa mwaka 1975. Madlib hakuubomoa. Kaiacha ile milio ya vyuma ielee, kisha chini yake kaweka ngoma nzito inayochelewa kidogo, kama mtu anayerudi nyumbani bila haraka. Wimbo mzima unazunguka palepale na sichoki.

Blue Note, kampuni ya jazi iliyoanzishwa New York mwaka 1939, ilimfungulia huyu prodyuza wa Oxnard, California, ghala la kanda zake, na mwaka 2003 albamu ikatoka. Nyimbo nyingine amezikata na kuziunga upya. Nyingine kazipiga mwenyewe, na hapo ndipo heshima yangu kwake ilipoongezeka. Footprints ya mpiga saksofoni Wayne Shorter imeandikwa kuwa ya Yesterdays New Quintet. Jina linasema wanamuziki watano, lakini bendi nzima ni yeye: ngoma yeye, kinanda yeye. Ukitega sikio unasikia mkono wa mtu anayejifunza kwa kupenda. Mapigo hayajanyooka sana, na mimi nayapenda hivyohivyo.

Kinachonikera ni Please Set Me at Ease. Filimbi ya Bobbi Humphrey ilitosha kabisa, lakini juu yake kapandishwa mchanaji, na maneno yanaifunika. Katika albamu ambayo karibu yote haina mashairi, nahisi kama mtu kaingia chumbani akiongea watu wakiwa wamelala. Huo nauruka.

Tafadhali usiisikilize kwa spika ya simu. Mimi nilianza hivyo nikadhani ni muziki mwepesi wa hotelini, maana bezi yote ilikuwa imepotea. Tafuta redio kubwa au hedifoni nzuri.

Kuna pia Song for My Father. Mpiga piano Horace Silver aliirekodi mwaka 1964 kwa ajili ya baba yake, mzaliwa wa visiwa vya Cabo Verde. Toleo la Madlib ndilo lililonituma kuitafuta ile ya kwanza. Sasa nazipiga zote mbili mfululizo, ya Silver ikitangulia, na mzee wangu akiwepo huniomba nirudie ya Silver.