Unakaribia miaka 65 Marekani: bima ipi ya Medicare uitangulize, ipi uiweke mwisho

Ukitimiza miaka 65 Marekani, unapewa miezi saba ya kujiandikisha Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee: mitatu kabla ya mwezi wako wa kuzaliwa, mwezi wenyewe, na mitatu inayofuata. Wengi wetu tunaiacha ipite kwa sababu tunahesabu kwa umri wa pensheni. Aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye anapata pensheni kamili ya Social Security, mfuko wa pensheni wa serikali, akiwa na miaka 67, basi anadhani na bima itamngoja hadi hapo. Haimngoji. Kila miezi 12 kamili unayochelewa kuchukua Sehemu B (ile ya daktari na vipimo), bila kuwa na bima ya kazini, inaongeza asilimia 10 kwenye ada yako, na kwa kawaida nyongeza hiyo unailipa maisha yako yote.

Kabla ya kupanga ipi ya kwanza na ipi ya mwisho, tuone unachopewa na serikali na kinachobaki mfukoni mwako. Sehemu A ni ya kulazwa hospitalini. Ukiwa umefanya kazi na kukatwa kodi ya Medicare kwa robo 40, yaani kama miaka kumi, hulipi ada ya mwezi. Kama hukufikisha, unaweza kuingia kwa kazi ya mwenzi wako wa ndoa aliyetimiza miaka 62. Sehemu B ni ya daktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi nyumbani. Ada yake ya kawaida mwaka 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi, na inapanda kwa mtu aliye peke yake ambaye kipato chake cha mwaka 2024, yaani miaka miwili nyuma, kilizidi dola 109,000. Sehemu D ni ya dawa, na unainunua kwa kampuni binafsi. Dawa zilizo kwenye orodha ya mpango wako haziwezi kukugharimu zaidi ya dola 2,100 kwa mwaka 2026.

Sasa tazama mapengo. Ukilazwa, dola 1,736 za mwanzo ni zako. Ukitoka, ukakaa siku 60 mfululizo bila kulazwa, kisha ukarudi hospitalini, unazitoa tena, hata kama ni mwaka uleule. Kwenye Sehemu B unalipa dola 283 za mwanzo wa mwaka, halafu asilimia 20 ya karibu kila kitu. Asilimia hiyo haina kikomo. Mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa dripu kliniki mwaka mzima anaendelea kulipa asilimia 20 hadi mwisho. Hilo ndilo pengo unalotafutia bima ya kuliziba, na ndilo ninalotumia kupanga chaguo hizi. Ada ya mwezi naiangalia baadaye.

Nafasi ya kwanza: Medicare ya asili (Sehemu A na B za serikali), Medigap herufi G, na Sehemu D

Medigap ni bima ya kampuni binafsi inayokaa nyuma ya Medicare na kulipa kile ambacho Medicare imeacha. Mipango imepewa herufi na serikali, na herufi moja ina mafao yaleyale kwa kila kampuni. G ya kampuni ghali na G ya kampuni nafuu zinalipa sawasawa, kwa hiyo hapa linganisha bei, na uulize swali moja muhimu: ada itapandaje ninavyozeeka? Kuna kampuni zinazopandisha kwa umri wako wa kila mwaka, nyingine zinashikilia umri uliokuwa nao siku ya kununua, na nyingine zinatoza wote sawa. Ile ya kwanza huwa rahisi sana ukiwa na miaka 65, na chungu ukiwa na 80.

Herufi G inakuachia zile dola 283 za Sehemu B tu. Asilimia 20 inailipa yote. Unakwenda kwa daktari yeyote nchini anayepokea Medicare, bila kuomba ruhusa kwa kampuni na bila kuuliza kama yumo kwenye mtandao wao, yaani orodha ya madaktari wenye mkataba nao. Kwa sisi tunaokwenda nyumbani kila baada ya muda kuna faida nyingine ambayo mawakala hawaitaji mara nyingi. Medicare yenyewe, ukiacha hali chache sana, hailipi matibabu nje ya Marekani. Herufi G inalipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura yanayoanza ndani ya siku 60 za mwanzo za safari, baada ya wewe kutoa dola 250, hadi jumla ya dola 50,000 kwa maisha yako. Ukiugua ghafla ukiwa Arusha au Eldoret, hilo ni jambo kubwa.

Wenzetu wa Minnesota, Massachusetts na Wisconsin msihangaike na herufi hizi. Majimbo yenu yana mipango yake ya Medigap yenye majina tofauti, ingawa kazi ni ileile.

Na sasa jambo ambalo ningependa kila mzazi wetu alijue kabla ya mengine yote. Unapokuwa na miaka 65 au zaidi na Sehemu B yako ikaanza, una miezi sita ambayo kampuni yoyote ya Medigap lazima ikuuzie, bila kukuuliza kuhusu sukari, presha wala moyo, na bila kukupandishia bei kwa ajili ya ugonjwa. Miezi hiyo ikiisha, katika majimbo mengi kampuni inaweza kukupima na kukukataa. New York na Connecticut zinalazimisha kampuni kukupokea wakati wowote. Kwingi kwingineko huna ulinzi huo. Medicare Advantage, mpango wa kampuni binafsi ulio nafasi ya tatu hapa chini, unaweza kuingia mwaka wowote. Medigap mara nyingi unaipata kwa uhakika mara moja tu.

Nafasi ya pili: mpangilio uleule, kwa herufi N

N huwa na ada ndogo kuliko G. Badala yake unatoa hadi dola 20 ukimwona daktari na hadi dola 50 ukienda chumba cha dharura bila kulazwa. Pia haikulindi dhidi ya daktari anayetoza juu ya kiwango cha Medicare. Usaidizi wa safari ni sawa na wa G. Kwa mtu mwenye afya njema asiyemwona daktari mara kwa mara, N ni chaguo zuri sana.

Bado unafanya kazi?

Hapa idadi ya wafanyakazi ndiyo inayoamua. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, bima yake inalipa kwanza, na unaweza kuahirisha Sehemu B bila adhabu. Faida ya ziada: ile miezi sita ya Medigap haianzi hadi Sehemu B ianze, kwa hiyo huipotezi. Kama mwajiri ana watu chini ya 20, na wengi wetu tunafanya kazi kwenye nyumba ndogo za kutunzia wazee, Medicare ndiyo inayolipa kwanza. Ukikosa Sehemu B hapo, bima ya kazi inaweza kukataa kulipa sehemu ambayo Medicare ingelipa. Chukua B mara tu unapofika 65.

Ukiacha kazi una miezi minane ya kujiandikisha Sehemu B. Ukiendelea na bima ya COBRA, yaani bima ya kazini unayoendelea kuilipia mwenyewe baada ya kuacha kazi, miezi hiyo minane inaendelea kuhesabika, kwa sababu COBRA si bima ya mtu aliye kazini. Wenye akaunti ya HSA, ile ya kuweka akiba ya matibabu bila kodi, waache kuweka fedha miezi sita kabla ya kuomba Medicare, maana Sehemu A inaweza kurudishwa nyuma hadi miezi sita na kukuletea kodi ya adhabu.

Kipato kidogo: hii inapita zote

Kama pensheni yako ni ndogo, usinunue chochote kabla ya kwenda ofisi ya Medicaid ya jimbo lako, yaani bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Kuna misaada inayokulipia ada ya Sehemu B, na kwa wenye kipato cha chini zaidi inalipa hata ile asilimia 20. Msaada wa dawa uitwao Extra Help unaombwa Social Security. Ukipata Medicaid kamili, huna haja ya Medigap. Watu wetu wengi wanastahili na hawaombi kwa aibu. Umekatwa kodi miaka yote hiyo, omba.

Nafasi ya tatu: Medicare Advantage

Kampuni binafsi inachukua nafasi ya Medicare ya asili, mara nyingi bila ada zaidi ya ile ya Sehemu B, na inaongeza meno, miwani na dawa. Ina kikomo cha matumizi, ambacho mwaka 2026 hakiruhusiwi kuzidi dola 9,250 kwa madaktari wa mtandao wake. Kwa mtu asiyeweza kulipa Medigap, ni bora mara nyingi kuliko kubaki bila kitu. Lakini unafungwa kwenye mtandao wa madaktari, na matibabu makubwa yanahitaji idhini ya kampuni kwanza. Na ukikaa nje ya eneo la mpango zaidi ya miezi sita mfululizo, kwa kawaida wanakutoa. Babu anayekwenda kijijini Novemba na kurudi Julai alifikirie hilo. Ukiingia ukiwa na miaka 65 na usiridhike, una miezi 12 ya kwanza ya kurudi Medicare ya asili na kununua Medigap bila kukataliwa. Itumie mapema.

Anayekuja kuuza mipango hii kanisani, msikitini au kwenye sherehe analipwa kamisheni. Msikilize, lakini usitie sahihi siku hiyo.

Mwisho kabisa: Medicare ya asili peke yake

Sehemu A na B bila kitu nyuma yake. Simshauri mtu yeyote, kwa sababu ya ile asilimia 20.

Wanaorudi nyumbani, na wazazi waliokuja juzi

Ukistaafu na kuhamia nyumbani, Sehemu A isiyo na ada inakungoja. Sehemu B ndiyo ngumu: kuilipia dola 202.90 kila mwezi mahali ambapo haifanyi kazi kunauma, lakini ukiiacha na kurudi baada ya miaka mitano, adhabu ni asilimia 50, na utajiandikisha kati ya Januari na Machi tu. Kama una watoto Marekani na unajua ukiugua sana utarudishwa kwao, iendeleze. Kama umeondoka moja kwa moja, iache.

Mzazi aliyekuja kwa Green Card anaweza kununua Medicare akiwa na miaka 65 na ameishi nchini miaka mitano mfululizo. Bila kazi ya Marekani, Sehemu A ni dola 565 kwa mwezi mwaka 2026. Kazi ya mtoto aliye hai haimhesabii mzazi. Kwa ndugu zetu wakimbizi, sheria iliyotiwa sahihi Julai 4, 2025 imewaondoa kwenye Medicare wale wasio na Green Card wala uraia, na walio ndani tayari wana muda hadi Januari 2027. Ombeni Green Card sasa.

Kila jimbo lina washauri wa SHIP, huduma ya ushauri wa Medicare, hawauzi kitu na hawatozi. Simu ya Medicare, 1-800-633-4227, ina wakalimani bure. Sema tu "Swahili". Anayeacha kazi baada ya miaka 65 apeleke Social Security fomu mbili, CMS-40B na CMS-L564. Hiyo ya pili inajazwa na mwajiri, kwa hiyo mpelekee kabla hujaondoka kazini.