Miezi mitatu na huduma ya kuchuja hisa: fomula imekubali, sifuri imenikera

Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Soko la hisa la Nairobi hufunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri, na hizo ndizo saa ambazo mteja amesimama mbele yangu anataka cheni na breki. Kukodolea bei siku nzima siwezi. Basi nikajiunga na huduma moja ya simu ya kuchuja hisa, shilingi 1,500 kwa mwezi. Unaandika masharti yako, soko likifungwa inazipitia hisa zote, jioni inakuletea zilizotimiza. Jina lake silitaji, maana lawama ninazo na barua zangu bado wanazijibu kwa adabu.

Nilichokuwa natafuta ni hisa iliyoshuka hadi ikachoka na sasa inataka kugeuka. Fomula yangu ya kwanza ilikuwa fupi kama ya kila anayeanza: RSI (Relative Strength Index, kipimo cha nguvu ya mwendo wa bei) ya siku 14 iwe chini ya 30. Kipimo hicho alikileta Mmarekani J. Welles Wilder mwaka 1978. Wastani wa kupanda kwa bei unagawanywa kwa wastani wa kushuka, halafu jibu linawekwa kwenye mizani ya 0 hadi 100. Kama wastani wa kupanda ni senti 10 na wa kushuka ni senti 30, RSI inasoma 25. Ikiteremka chini ya 30, wengi huhesabu kuwa hisa imeuzwa kupita kiasi.

Jioni ya kwanza nikaletewa hisa kumi na moja. Tatu za juu kabisa zilikuwa na RSI ya 0. Sifuri! Wallahi moyo ulinienda mbio. Baada ya isha nikaibeba simu hadi barazani, nikamwonyesha mzee mmoja aliyefanya kazi benki miaka mingi. Akavaa miwani, akatazama, akaniuliza, "Mwanangu, hii mara ya mwisho imeuzwa lini?"

Nikafungua rekodi yake. Wiki tatu nzima hakuna aliyenunua wala aliyeuza. Huduma ilikuwa ikinakili bei ya jana, siku baada ya siku, kama karani mvivu. Bei isiposogea, kupanda ni sifuri na kushuka ni sifuri, na sifuri ukiigawa kwa sifuri hata kikokotoo changu cha dukani kinagoma. Wao badala ya kuacha nafasi tupu wameandika 0. Kwa hiyo hisa iliyolala usingizi wa pono ndiyo inayoongoza orodha ya hisa zinazotaka kugeuka. Kwa soko kama letu, ambako hisa kadhaa zinaweza kupitisha siku bila muamala hata mmoja, kosa hili si dogo.

Nikaanza kuandika upya. Sharti la kwanza sasa ni uhai: katika siku 20 zilizopita, hisa iwe imeuzwa angalau siku 15. Hilo peke yake lilifagia takataka kuliko yote niliyojaribu baadaye. Kisha nikaacha kuuliza kama RSI iko chini ya 30, kwa sababu hisa inaweza kukaa huko mwezi mzima ikizidi kuzama. Nauliza kama jana ilikuwa chini na leo imevuka kwenda juu. Juu ya hapo, bei ya kufunga leo ipite bei ya juu kabisa ya jana, na hisa zilizouzwa leo ziwe mara moja na nusu ya wastani wa siku 20. Namba ya mwisho ni ya kukisia. Nilijaribu mara mbili ya wastani, nikawa napata kapa wiki nzima.

Kuandika masharti yenyewe ni raha, hapo nawapa heko. Ukikosea mabano inakuonyesha mahali penyewe, na fomula ndefu inaingia kwenye simu bila kukatika. Mishumaa nayo imo, yaani michoro ya bei ya kila siku yenye umbo la mshumaa, ule wa nyundo na ule unaoumeza wa jana, ingawa kwa hisa yenye miamala minne kwa siku mshumaa hauna la kukwambia.

Kilichonitoa pesa ni jaribio la nyuma. Unaipa fomula miaka iliyopita, inakupa faida uliyopaswa kupata. Faida ilikuwa tamu mno, nikashuku. Kumbe inahesabu kana kwamba umenunua kwa bei ya kufunga ya siku ile ile ya ishara, na ishara yenyewe hutoka soko likiwa limeshafungwa! Nilifuata ishara moja ya hisa ya benki. Jaribio liliandika 12.40, mimi kesho yake asubuhi nilinunua kwa 12.85. Senti 45 kwa kila hisa, kabla dalali hajachukua chake.

Na msimu wa gawio, kaeni macho. Hisa ikishatengwa na gawio lake, yaani anayeinunua sasa halipati tena, bei huteremka, nayo huduma hairekebishi chati. Aprili iliniletea mbili "zilizochoka" ambazo hazikuwa na uchovu wowote, zimegawa tu.

Niliwaandikia kuhusu ile sifuri. Wakajibu siku ya pili kwamba wameipokea, na mpaka naandika haya bado ipo. Mwezi wa nne nimelipia, kwa ajili ya kichujio tu. Jaribio la nyuma nafanya mwenyewe kwenye Excel, kwa bei ya kufungua ya kesho yake. Jana orodha ilikuja na hisa moja. Nimeiangalia, imeuzwa siku 19 kati ya 20, na mzee wa barazani bado sijamwonyesha.